Mtani wa Kwenye Skrini Hashiki Jembe

Mwaka jana kijana mmoja niliyepata kumfundisha alinipigia simu asubuhi ya Jumamosi, sauti yake imejaa usingizi. Nilimuuliza kama anaumwa, akacheka. Alikuwa amekesha akicheza. Kijana huyu anaishi Mbagala, na tangu alipohitimu shahada yake anafanya kazi kwa njia ya intaneti kwa kampuni moja iliyoko California. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri kwa saa za huko, kampuni huwakusanya watu wake kwenye Zoom ili wacheze pamoja na "kujenga timu". Wakati huo hapa Dar es Salaam ni saa nane au saa tisa za usiku, kutegemea msimu.

Michezo yenyewe si mibaya. Mmoja huchora kitu, wenzake wakabahatisha ni nini. Mwingine hutaja mambo matatu kuhusu maisha yake, mawili ya kweli na moja la uongo, na wenzake hulitafuta lile la uongo. Kuna chemshabongo, na kuna mafumbo ambayo kundi zima hulazimika kuyafumbua kabla ya muda kwisha. Kijana wangu alikuwa hodari wa kubahatisha michoro, na wenzake wakampa jina la utani. Nilisikia fahari katika sauti yake.

Miezi minne baadaye alifiwa na baba yake. Aliomba siku tano. Alijibiwa, kwa lugha ya upole, kwamba mkataba wake ni wa mkandarasi huru, hivyo siku ambazo hatafanya kazi hazina malipo. Aliporudi alikuta nusu ya kazi zake zimekabidhiwa mtu mwingine. Mwaliko wa michezo ya mwezi ule ulikuwa umemfikia akiwa bado matangani.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na michezo. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia watu majumbani mwaka 2020, mamilioni ya wafanyakazi walijikuta wakiwafahamu wenzao kwa picha ndogo za mraba tu. Desemba 2019 Zoom ilikuwa na washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku. Kufikia Aprili 2020 walifika milioni 300. Upweke ulikuwa wa kweli, na mchezo wa nusu saa ulimsaidia mtu kujua kwamba yule anayemtumia barua pepe kali anaweza pia kucheka. Mimi mwenyewe, nilipofundisha kwa masafa, nilifungua vipindi kwa vitendawili. Wanafunzi walichangamka. Hata hivyo, mwisho wa muhula niligundua kwamba kundi lililoshikamana kuliko mengine lilikuwa lile ambalo wenye uwezo walichanga vocha ili wasio na bando wasipitwe na kipindi. Vitendawili viliwafungua midomo. Vocha ndizo zilizowaunganisha.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi tuliokulia katika jamii zenye watani. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kuambiana maneno ambayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine yangezua ugomvi. Lakini utani ule ulikuwa na upande wa pili. Msiba ulipotokea, mtani alifika. Alimwigiza marehemu, akawachekesha wafiwa, kisha huyohuyo akashika jembe na kwenda kuchimba kaburi. Kicheko chake kilikubalika kwa sababu kilikuwa na wajibu nyuma yake. Mtu atakayekutania leo, kesho akajitenga na msiba wako, wazee wetu hawakumwita mtani.

Kampuni nyingi zinazoajiri kwa njia ya intaneti zimechukua kicheko na kuliacha jembe. Kwenye mchezo mtumishi huitwa mwanatimu, hata mwanafamilia. Kwenye mkataba huitwa mkandarasi huru. Tofauti ya majina haya ina thamani ya fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya malipo isiyopungua siku 4 anapofiwa na mzazi. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kijana wangu hana hata kimoja cha hivyo, ilhali anawajibika kukesha na kutabasamu mbele ya kamera kwa bando alilolinunua mwenyewe.

Yapo majibu kwamba michezo ni ya hiari. Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake *Homo Ludens* cha mwaka 1938, aliihesabu hiari kuwa sifa ya kwanza ya mchezo. Tujiulize basi: ni hiari gani aliyonayo mtu ambaye mkataba wake unaweza kusitishwa kwa ujumbe mmoja, na ambaye kutokuwapo kwake huonekana na meneja? Ufaransa suala hili lilifika hadi Cour de cassation. Novemba 2022 mahakama hiyo ya juu iliamua kwamba haikuwa halali kumfukuza mtumishi kwa kukataa kushiriki sherehe na mizaha ambayo kampuni iliita utamaduni wake. Kukataa huko kulikuwa sehemu ya uhuru wake wa kujieleza. Mtumishi yule alikuwa na mkataba wa ajira na mahakama ya kukimbilia. Wa Mbagala atakimbilia wapi?

Waajiri wa hapa nyumbani nao wameanza kuuiga utaratibu huu. Ningewaomba waanzie upande wa jembe. Mchezo uwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Gharama ya bando iwe ya mwajiri. Watu wakiwa katika nchi mbalimbali, zamu ya kukesha izunguke, na anayezima kamera asiulizwe. Kabla ya hayo yote, mtu ajue atatendewaje akiugua au akifiwa. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haingoji Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Majuzi nilimuuliza kijana wangu kama bado anacheza. Alisema bado anaingia, na bado anabahatisha michoro.

"Ukiacha?" nilimuuliza.

"Mwalimu, wataniona siko kwenye timu."