Tunawaita Malaika, Tunawanyima Mapumziko



Wapendwa Taifa la Mungu, wiki hii tuwatafakari walezi wanaoishi usiku na mchana na watu wenye ulemavu katika makao ya pamoja. Tunapowatembelea na sukari na sabuni zetu, huwaambia: “Ninyi ni malaika.” Kisha twapiga picha na kwenda zetu. Tuseme wazi: sifa hiyo imegeuka kisingizio.

Malaika hachoki, mlezi huchoka. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa chache, hata usiku, asipate vidonda. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akalishwa polepole, kijiko kwa kijiko, asipaliwe. Na kwa kuwa mlezi hulala humo humo, kazi yake haina saa ya kutoka.

Wapo wasemao: “Huo ni wito, ukidai mshahara unaua upendo.” Twakataa. Mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki na mapumziko ya mfanyakazi. Sheria za ajira za Tanzania (2004) na Kenya (2007) zadai mapumziko kila wiki. Nayo amri ya Sabato yamtaja hata mtumishi, haikuongeza “isipokuwa mwenye huruma.”

Wengine husema fedha hazipo. Mbona tunapochangia ukuta wa kanisa zinapatikana?

Sifa pasipo usimamizi ni hatari pia. Jean Vanier alianzisha L’Arche nchini Ufaransa mwaka 1964, wasaidizi wakiishi nyumba moja na watu wenye ulemavu wa akili. Kazi hiyo ni njema, na imefika hata Kenya na Uganda. Lakini mwaka 2020, baada ya kifo chake, shirika lenyewe lilitangaza kwamba aliwatumia vibaya kingono wanawake wasiopungua sita, wasio na ulemavu. Taarifa ya mwaka 2023 ikataja wasiopungua 25. Heshima aliyopewa ilimfunika kwa miaka mingi. Basi, hakuna nyumba iliyo takatifu kiasi cha kutokaguliwa. Mlezi aliyechoka, asiye na zamu wala msimamizi, aweza kumdhuru hata yule ampendaye. Naye asiyeweza kusema atamlalamikia nani?

Tunadai mambo manne kwa kila makao tunayoyasaidia: mkataba wa maandishi, mshahara badala ya posho ya huruma, siku nzima ya mapumziko kila wiki, na mtu wa nje wa kupokea malalamiko. Jumuiya zetu ndogondogo zikienda tena huko, ziulize kwanza: “Leo nani anashika zamu ili mlezi alale?” Jibu likiwa “hakuna,” basi sukari yetu haijatosha.

Tuwatakie Dominika njema, yenye mapumziko kwa wote.