Vidonge vya Rafiki si Zawadi



Wiki chache zilizopita, wakati wa mapumziko, nilimwona mwanafunzi akimpa mwenzake vidonge vitatu vya amoksilini, vile vya rangi mbili, vikiwa vimekunjwa katika kipande cha karatasi ya daftari. Mwenzake alikuwa na mafua. Vidonge vilibaki nyumbani baada ya kaka yake kupata nafuu na kuacha dozi njiani. Sikuwakemea, kwa maana aliyetoa alitoa kwa moyo mwema. Hata hivyo, leo nataka kukushawishi kwamba ukarimu wa namna hii humdhuru anayetoa, anayepokea, na hata mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Kiswahili sanifu huiita dawa hii kiuavijasumu: kitu kinachoua vijasumu, yaani bakteria. Jina lenyewe limetaja kazi yake na mpaka wa kazi hiyo. Mafua huletwa na virusi, na virusi si bakteria. Kumeza amoksilini kwa ajili ya mafua ni sawa na kubeba nyavu za sambaza kwenda shambani kuvuna viazi. Nyavu ni nzuri, ila kazi yake iko ziwani. Tatizo ni kwamba mafua hupona yenyewe baada ya siku kadhaa, na mgonjwa huamini kuwa vidonge ndivyo vilivyomponya. Kesho atamshauri jirani afanye vivyo hivyo.

Je, hasara iko wapi? Mwilini mwetu wamo bakteria wengi. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa. Walio sugu hubaki, huzaana, na huhamia kwa watu wengine. Siku mtu atakapougua nimonia ya kweli, huenda dawa ile isimfae tena.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alilitoa mwezi Desemba 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Alisimulia mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo aliyejinunulia penisilini, akatumia kiasi kisichotosha kuwaua bakteria, bali kilichotosha kuwafundisha kuistahimili. Kisha akamwambukiza mkewe, naye mke akafa kwa nimonia ambayo penisilini haikuweza kuitibu. Zingatia, mwanafunzi: aliyekosea alipona, na aliyekufa hakumeza kidonge hata kimoja kwa uzembe. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Ndiyo maana naliweka jambo hili katika somo la uraia. Dawa hizi ni mali ya wote, mfano wa maji ya Ziwa Kivu: anayeyachafua upande huu humchafulia anayeyachota upande ule. Hapa Gisenyi, maelfu ya watu huvuka kila siku kwenda Goma na kurudi, kwa biashara, masomo na undugu. Bakteria sugu huvuka pamoja nao, na hakuna afisa wa mpakani awezaye kuwadai kitambulisho.

Najua utanijibu: "Mwalimu, kituo cha afya kina foleni, na mama hawezi kupoteza siku nzima sokoni." Hoja yako ni ya haki, na siipuuzi. Lakini mtazame mshauri wa afya wa kijijini kwenu anapoletewa mtoto mdogo anayekohoa. Hakimbilii vidonge; kwanza huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, ni pumzi 40 au zaidi. Hapo ndipo amoksilini hupata kazi yake. Dakika moja ya kuhesabu hutenganisha mtoto anayehitaji dawa na yule asiyeihitaji. Ninachokuomba ni subira ya dakika hiyo.

Basi, ukishikwa na mafua, pumzika na unywe vitu vya moto. Ukiwa na homa, kapimwe malaria. Ukipumua kwa shida, au ukiharisha damu, nenda kituo cha afya bila kuchelewa. Usimbembeleze mwuza dawa akupe vidonge bila cheti. Ukiandikiwa dawa, imeze kwa saa na siku ulizoelekezwa, usiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Yule mwanafunzi aliniuliza angemsaidiaje rafiki yake. Nilimwambia ampelekee chai ya tangawizi na amnakilie masomo ya siku ile. Nawe jioni hii, fungua kabati la nyumbani. Ukikuta vidonge vilivyobaki, uliza kwenye duka la dawa namna ya kuvitupa salama, kabla mtu mwingine mwenye moyo mwema hajavigawa.