Mkakati wa kilimo ikolojia usiishie kabatini

Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani. Mkakati huo utafikia ukomo mwaka 2030. Tuliupongeza. Lakini miaka saba ni michache kwa udongo uliochoka, na mkulima hali uzinduzi.

Katika bustani nyingi za nyanya hali bado ni ya zamani. Kijana amevaa ndala, bomba liko mgongoni, hana barakoa wala glavu, na dawa anaipima kwa kifuniko cha chupa. Dawa yenyewe amemiminiwa dukani katika chupa ya maji isiyo na lebo. Hakuna aliyemwambia asubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Kesho yake tenga liko sokoni, na keshokutwa nyanya hizo ziko mezani kwako.

Kosa hili si la kijana huyo peke yake. Ni la kila mwenye dhamana aliyepaswa kumfikia na hakumfikia.

Maarifa ya kilimo ikolojia tunayo. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa mbinu ya ngolo kwa zaidi ya karne moja. Hufyeka nyasi, huzipanga miraba kwenye mteremko na kuzifunika kwa udongo. Katikati hubaki shimo la kunasa maji ya mvua. Nyasi huoza zikawa mbolea, na mlima hausombwi. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE walibuni mbinu ya sukuma-vuta. Mmea wa desmodiamu unaopandwa kati ya mistari ya mahindi hufukuza kwa harufu nondo wanaozaa funza wa mabua, na mizizi yake hudhibiti gugu la kiduha. Majani ya mabingobingo ya pembezoni huwavuta nondo hao, kisha hulisha ng'ombe.

Wapo wanaohofia kwamba kilimo ikolojia kitaleta njaa. Hofu yao tunaielewa. Mwaka 2021 Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, na katazo likalegezwa kabla mwaka haujaisha. Somo hapo ni maandalizi. Mkulima haachi mfuko wa mbolea kwa sababu ya tamko. Huupunguza msimu hadi msimu, akishaona samadi, mbegu na ushauri vimemfikia.

Kwa hiyo tunasema wazi. Wizara ya Kilimo iieleze nchi, kila mwaka, mkakati umefika wapi, na ruzuku ya mbolea iende sambamba na upimaji wa udongo. Halmashauri zitenge fungu la mboji na mashamba darasa, na fungu hilo lisihamishiwe kwenye posho za vikao. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iyafungie maduka yanayouza dawa zilizomiminwa kwenye chupa zisizo na lebo. Maofisa ugani walikabidhiwa pikipiki mwaka 2022. Pikipiki hizo zionekane mashambani.

Wote hawa wanalipwa kwa kodi, ikiwemo ya yule kijana mwenye bomba mgongoni. Anayeweza kazi hii aifanye sasa. Asiyeweza awapishe wengine.