Shujaa Machoni pa Mtoto

Juma hili tumekisoma tena kitabu cha Harper Lee, To Kill a Mockingbird, kilichotolewa Marekani mwaka 1960. Msimulizi ni Scout, binti wa Atticus Finch, mwanasheria wa Alabama anayemtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kumbaka mwanamke mzungu. Scout ni mtoto mdogo, na kwake baba huyo hana doa.

Mapenzi hayo ndiyo yanayoamua msomaji aone nini. Tunamwona Atticus akimwangusha mbwa mwenye kichaa kwa risasi moja. Tunawaona watu weusi kwenye roshani ya mahakama wakisimama kwa heshima anapopita, ingawa kesi imeshindwa. Lakini Tom mwenyewe, nyumbani kwake, hatumwoni. Habari za kifo chake analeta Atticus, jikoni. Na Helen, mkewe, anapoanguka mavumbini kwa uchungu, tunasimuliwa na mtoto mwingine aliyekuwapo. Mfiwa amepewa mistari michache. Wakili, kitabu kizima.

Mwaka 2015 kilichapishwa Go Set a Watchman, ambacho mwandishi alikuwa amekiandika kabla ya kile cha kwanza, na ambacho jina lake (wengi hawakulitambua) limetoka Isaya 21:6. Humo Scout ana miaka 26, wala si yeye tena anayesimulia. Kutoka roshani ileile anamwona babaye ameketi katika mkutano wa watetezi wa ubaguzi wa rangi. Wasomaji wengi walikasirika, kana kwamba wameibiwa. Sisi tunaona hasira ile haikuwa na haki. Mtoto hakusema uongo. Alipima kadiri ya kimo chake, akitazama juu, na atazamaye juu hawaoni waliosimama kando. Kosa ni letu watu wazima, tuliosoma bila kujiuliza Helen alisema nini.

Nasi tunalo la kwetu. Tulipokuwa watoto watumishi wa altareni, katekista wetu alivuka usiku mto uliofurika akambatize mgonjwa mahututi. Tumeisimulia habari hiyo mara nyingi, hata siku ya mazishi yake, na watu walilia. Juma hili tumejaribu kulikumbuka jina la mtu aliyempigia kasia. Hatukulipata.