Nasaba ya Mlowezi na Hesabu ya Damu

Wako wasemao ya kuwa kuandika nasaba ya jamaa ni kazi isiyo na madhara: mtu hukusanya majina ya wazee wake, akayapanga mwana chini ya baba, akafurahi kujua alikotoka. Kauli hii husikika hata katika vyumba vya masomo, na wanafunzi huipokea pasipo kuihoji. Katika makala haya nadai kuwa si kweli. Nasaba za walowezi wa kwanza wa Amerika hazikuwa kumbukumbu tu. Zilikuwa hati za haki, na hati iliyompa mmoja haki ilimnyima mwingine. Ushahidi wangu nitauchukua katika jamaa moja mashuhuri ya Virginia, yaani uzao wa John Rolfe.

Rolfe alifika Jamestown mwaka 1610, na tumbaku aliyoipanda ndiyo iliyolipatia koloni bidhaa ya kuuza Uingereza. Mwezi wa Aprili 1614 alimwoa Pocahontas, binti wa Powhatan, mtawala mkuu wa wenyeji wa pwani ile. Bibi huyu alikuwa ametekwa na Waingereza mwaka uliotangulia, akabatizwa kwa jina la Rebecca. Ndoa ilipata ridhaa ya gavana na ya Powhatan pia. Mwana wao, Thomas, alizaliwa mwaka 1615. Miaka miwili baadaye mama alifariki Gravesend, Uingereza. Thomas alilelewa huko, akarudi Virginia alipokuwa kijana. Mwaka 1646 alikabidhiwa ngome ya Fort James, karibu na mto Chickahominy, pamoja na ardhi yake, kwa sharti la kuilinda. Nayo ilijengwa kuwazuia watu wa mama yake. Binti yake, Jane, aliolewa na Robert Bolling mwaka 1675, akamzaa John mwaka uliofuata. Robert alioa tena mke wa Kiingereza, na ikawa desturi kuwaita wazao wa mke wa kwanza Bolling Wekundu, na wa mke wa pili Bolling Weupe. Wekundu huo haukuwapunguzia heshima hata chembe. Ulikuwa fahari ya nyumba, na mwaka 1887 Wyndham Robertson alichapisha kitabu kizima cha kuorodhesha wazao wa Pocahontas.

Lakini Rolfe huyo huyo aliandika jambo jingine. Mwanzoni mwa mwaka 1620 alipeleka barua London, akaeleza kuwa meli ilifika Point Comfort mwishoni mwa Agosti 1619 ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, nao wakanunuliwa kwa chakula. Katika barua hiyo hakutaja jina la hata mmoja wao. Basi kwa mtu mmoja twapata mianzo miwili: mwana aliyeandikwa katika nasaba, na watu walioandikwa kwa hesabu.

Tuitazame hesabu hiyo ilivyoendelea. Desturi ya Kiingereza ilikuwa mtoto hufuata hali ya baba. Mwaka 1662 baraza la Virginia liliamua kuwa mtoto afuate hali ya mama. Maana yake ni hii: mtoto wa mlowezi kwa mwanamke mtumwa alizaliwa mtumwa, akaingia katika daftari ya mali ya baba yake, wala hakuingia katika shajara. Mwaka 1691 sheria iliamuru Mzungu yeyote atakayeoana na Mwafrika, chotara au Mwenyeji afukuzwe nchini. Kwa sheria hiyo, Rolfe mwenyewe angalifukuzwa Virginia kwa ndoa ile ile waliyojisifia wazao wake.

Mwaka 1705 wakapima tena. Chotara, asiyeruhusiwa kushika cheo, akawa ni mtoto wa Mwenyeji, ama mtoto, mjukuu au kitukuu wa Mwafrika. John Bolling alikuwa kitukuu wa Pocahontas, naye aliketi katika baraza la koloni. Kitukuu wa Mwafrika asingaliruhusiwa kuketi. Mwaka 1785 kipimo cha damu ya Kiafrika kilishushwa kuwa robo, yaani mjukuu. Mwaka 1910 kilipandishwa kuwa sehemu moja ya kumi na sita. Hatimaye, Machi 1924, Virginia ilitunga sheria ya kuhifadhi usafi wa rangi: Mzungu ni yule asiye na dalili yoyote ya damu nyingine. Walakini watunga sheria waligutuka kuwa kwa kipimo hicho jamaa bora za nchi zingetoka katika Uzungu, kwa sababu ya bibi yao. Ndipo wakaongeza kifungu: mwenye sehemu moja ya kumi na sita au pungufu ya damu ya Wenyeji, asiye na damu nyingine ya kigeni, ahesabiwe Mzungu. Kifungu hicho kimejulikana kwa jina la Pocahontas.

Lugha yetu yatosha kuifasiri hesabu hii. Mtoto ni nusu, mjukuu robo, kitukuu sehemu ya nane, kilembwe sehemu ya kumi na sita. Kilembwe wa Pocahontas alikuwa Mzungu kwa sheria. Kilembwe wa Mwafrika wa mwaka 1619 hakuwa, wala kilembwekeza wake, wala yeyote atakayemfuata hata mwisho wa dunia. Umbali ni mmoja, vizazi ni sawasawa, hukumu ni mbili. Damu haikugeuka kati ya mwaka 1785 na 1924. Kilichogeuka ni sheria.

Nitajibiwa kuwa hayo yalikuwa mambo ya zama zao, na si haki kuwahukumu wafu. Jibu hili ni jepesi mno. Ndoa ya mwaka 1614 ilikubaliwa na gavana. Katazo lilikuja baada ya miaka 77. Zama hazikuzaliwa na katazo hilo. Watu walikaa barazani wakalitunga. Wengine watasema kuwa kujivunia Pocahontas ni dalili ya kuwaheshimu Wenyeji. Na tuwatazame basi Wenyeji walio hai.

Edith Bolling, aliyezaliwa Virginia mwaka 1872 na kuolewa na Rais Woodrow Wilson Desemba 1915, alijitangaza waziwazi kuwa mzao wa Pocahontas, na jambo hilo halikumzuia kuwa bibi wa Ikulu. Wakati huo huo Walter Plecker, msajili wa vizazi na vifo wa Virginia tangu 1912 hadi 1946, alishika kazi ya kuwafuta Wenyeji katika daftari. Aliwaandika kuwa watu weusi, akabadili vyeti, na mwaka 1943 akawapelekea makarani orodha ya majina ya jamaa za kushukiwa, wilaya kwa wilaya. Sheria yake ya ndoa haikuvunjwa mpaka Juni 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu katika shauri la Richard na Mildred Loving. Makabila ya Virginia yalipodai kutambuliwa na serikali ya Marekani, yalitakiwa kuonyesha hati za nasaba, na hati zilikuwa zimeharibiwa na ofisi ile ile. Wapamunkey, mojawapo ya makabila yaliyokuwa chini ya Powhatan, walikubaliwa mwaka 2015. Makabila mengine sita yalingoja hadi 2018.

Hili ndilo ninalowaomba wanafunzi walipime. Wazao wa mlowezi walimhifadhi bibi mmoja wa Kienyeji katika kitabu kilichopigwa chapa, huku watu wa bibi huyo wakifutwa katika daftari za serikali. Bibi aliyekufa hadai ardhi. Jamaa zake walio hai hudai. Anayeisifu shajara ya Bolling kwa uzuri wa matawi yake, na asiulize ni nani aliyelipia karatasi yake, hajaisoma bado. Aifungue upya, na kando yake aweke barua ya mwaka 1620, sheria ya mwaka 1662 na orodha ya mwaka 1943. Kwa maana hizo nazo ni kurasa za historia ya jamaa hiyo moja.