Unataka kazi ya IT? Kabla ulipe doh ya CompTIA A+, uliza maswali haya 3

Kama umemaliza chuo ama fomu 4 na bado unatarmac, hili tangazo lazima umeliona. Limebandikwa kwa nguzo ya stima pale stejini, liko Facebook, na auntie ashalituma kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Njoo usomee CompTIA A+ wiki chache tu, utoke na cheti cha kimataifa, uingie IT.

Tuelewane kwanza: cheti chenyewe si feki. CompTIA ni shirika la Marekani, na A+ imekuwepo tangu 1993. Ni cheti cha mtu anayeanza, yule fundi anayeitwa kompyuta ikigoma, printa ikikataa, intaneti ikipotea ama bosi akisahau pasiwadi. Huulizwi digrii ndiyo uufanye mtihani. Ngori ni vile kinauzwa huku mtaani. Kwa hivyo kabla utume hiyo M-Pesa, uliza hivi.

1. Vocha ziko ndani?

Hapa ndipo wasee wengi huchezwa. Doh unayolipa chuo ni ya masomo. Mtihani ni kitu tofauti kabisa, unafanywa kupitia Pearson VUE, na unalipiwa kwa vocha. Tena si mtihani mmoja, ni 2: Core 1 na Core 2. Bei rasmi ya Marekani inapita dola 200 kwa kila mmoja. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya 50,000 za Kenya. Bei hubadilika kulingana na nchi, so ingia tovuti ya CompTIA uangalie ya kwetu.

Sasa mtu akikuambia kozi yote ni ngiri 15, muulize kama vocha zote 2 zimo. Kama hazimo, utatoka na karatasi inasema ulikuja darasani. Hiyo si A+. Cheti cha ukweli kina kodi ambayo mwajiri anaweza kuhakiki mtandaoni, na karatasi ya chuo haina.

2. Mnafunza toleo gani?

Hii ndiyo ya masaa haya. Machi 2025 CompTIA ilitoa mitihani mipya, 220-1201 na 220-1202. Ile ya zamani, 220-1101 na 220-1102, ilifungwa kwa Kiingereza tarehe 25 Septemba 2025. Na huwezi kuchanganya. Kama ulipita Core 1 ya zamani halafu ukakosa kumaliza Core 2 yake, ile ya kwanza haikusaidii tena. Unaanza upya, na vocha unalipa upya.

Chuo kikikupa notisi zimeandikwa 1101 kwa jalada, hiyo ni doh yako inasomea mtihani ambao haupo.

3. Mko na mashine za kufungua?

Kila mtihani una hadi maswali 90 na unapewa dakika 90. Alama zinahesabiwa kutoka 100 hadi 900. Core 1 unapita na 675, Core 2 ni 700. Si zote ni za kuchagua A ama B. Kuna maswali ya vitendo, unapewa shida kwa skrini na unaambiwa uitatue. Ukiwa umesoma na slaidi pekee, hapo jasho litakutoka.

Na usidanganywe na wale wanauza majibu ya mtihani kwa Telegram. CompTIA ikikushika inaweza kukunyang'anya cheti na kukufungia mitihani yake.

Sasa inalipa ama hailipi?

Ukisoma matangazo ya kazi za IT hapa Nairobi, mengi bado yanataka diploma ama digrii. A+ inakuja kama nyongeza. Kwa hivyo usikope Sacco ya mathe ukidhani cheti peke yake kitakuajiri. Halafu kinaisha baada ya miaka 3, lazima ukihuishe.

Lakini kazi yenyewe ipo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Fikiria zile lapi za ex-UK zimejaa Luthuli na Moi Avenue. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo si ya zamani sana, na nyingi za hizo mashine hazifiki hapo. Kila saiba, shule na duka lenye mashine kama hizo linahitaji mtu wa kusema gani inapanda, gani inabadilishwa, na faili zitahamishwa vipi bila kupotea. Huyo mtu anaweza kuwa wewe.

Na kujifunza si lazima kukumalize. Orodha ya mada zinazotahiniwa iko bure kwa tovuti ya CompTIA. Professor Messer ameweka kozi nzima ya vidio YouTube, bure pia. Tafuta kompyuta kuukuu, ifungue, toa RAM, rudisha, weka Windows upya. Ukiharibu, ulikuwa umenunua ya kuharibu. Ukikosa ya kufungua, VirtualBox ni ya bure, unaweka mfumo mwingine ndani ya lapi yako na unajaribu bila woga.

Halafu kila mashine ya jirani ukitengeneza, andika kwa daftari: shida ilikuwa gani, ulidhani ni nini, ulijaribu nini, ikapona aje. A+ yenyewe inafunza hivyo, na hatua ya mwisho ya kutatua shida ni kuandika ulichofanya. Siku ya intavyu ukiulizwa umewahi kufanya nini, utakuwa na kurasa 40 za kujibu, hata kabla hujalipia vocha.

Soma kwanza, jipime, ukiona uko tayari ndiyo ununue vocha. Anayekuharakisha ulipe leo kabla bei ipande, huyo anauza. Kaa rada.