Tusimwonee Haya Mwanasesere

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sokoni mwanasesere wa kiume: askari wa sentimita 30 hivi, viungo vikikunjika, nguo zikivulika. Akaitwa G.I. Joe. Lakini wauzaji waliingiwa na hofu: mzazi gani angemnunulia mtoto wa kiume mwanasesere? Wakabuni jina jingine, ambalo kwa lugha yetu tungelifasiri "sanamu ya vitendo", wakalikimbia lile la kwanza. Biashara nzima ikazaliwa kwa kulionea haya neno.

Haya hiyo ingalipo. Upande mmoja wamesimama wenye dhihaka: ati mtu mzima, mwenye ndevu, akishona koti la kiganja! Upande wa pili wamesimama matajiri wa kukusanya, wanaojitetea kwamba vyao si vya kuchezea, ni mali. Nao huviweka kabatini, sanduku halijafunguliwa, wakisubiri bei ipande. Makundi haya hudhani yanapingana. Nathubutu kusema ni kundi moja, kwani yote mawili yanauogopa mchezo. Hukumu ya sanamu katika dini nawaachia wanavyuoni; hapa naijadili hukumu ya wahakiki.

Anayedharau na atazame kwanza kazi yenyewe. Kipimo ni moja kwa sita: mtu wa sentimita 180 huwa 30. Mwili hukubali kupunguzwa hivyo, kitambaa hakikubali. Uzi hubaki mnene, pindo likasimama kama kadibodi. Basi fundi hupitisha waya mwembamba ndani ya pindo ili koti lianguke kama koti. Huusugua mgongo wake kwa msasa, akaupa uchakavu wa safari. Usoni hufuta rangi ya kiwandani, akapaka yake tabaka kwa tabaka, kisha rangi iliyozimuliwa ikajipenyeza katika makunyanzi. Ndipo ije kamera. Ukimpiga picha ukiwa umesimama, umepiga kitu cha kuchezea; ukilala kifudifudi, lenzi ikalingana na macho yake, umepiga mtu. Tena lenzi ikimkaribia mno, pua huonekana wazi na masikio yakafifia, udogo wake ukafichuka. Hivyo mpiga picha hana budi kuliminya tundu la lenzi na kuingoja nuru. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Watasema: mwili umetoka kiwandani, basi usanii uko wapi? Wanaosema hivi ni wapenzi wa mashairi, na hapo ndipo ninaposhangaa. Mizani kumi na sita za mshororo, nani kati yetu aliyezibuni? Tumeukuta mwili umekwisha kuundwa, viungo vyake vinajulikana, nasi tunahukumiwa kwa roho tunayoutia. Na mfasiri je, ambaye hata hadithi si yake? Akimkana fundi huyu, amejikana mwenyewe.

Nawaletea shahidi. Mwezi Aprili 2000, katika mji wa Kingston, jimbo la New York, wanaume watano walimpiga Mark Hogancamp nje ya baa, baada ya kuwaambia kwamba hupenda kuvaa mavazi ya kike. Alizimia siku tisa. Alipozinduka, sehemu kubwa ya kumbukumbu zake ilikuwa imefutika, na mkono uliokuwa ukichora ukawa unatetemeka. Fedha za tiba zilipokatika, alijenga uani kwake mji wa Kibelgiji wa Vita vya Pili vya Dunia, wa kipimo kile kile cha moja kwa sita, akauita Marwencol. Humo mwanasesere aliye mfano wake hukamatwa na askari wa Kinazi, hupigwa, na wanawake humwokoa. Gari lake dogo alilikokota barabarani ili magurudumu yalike kama yaliyotembea kweli. Jarida la sanaa la Esopus lilichapisha picha zake mwaka 2005, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa katika ukumbi wa White Columns, New York.

Najua jibu lililo tayari: hiyo ni tiba, si sanaa. Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia bintiye. Nani kati yetu amethubutu kuuita dawa badala ya ushairi? Kama maumivu ya mtunzi hayaubatilishi utendi, kwa nini yaibatilishe picha?

Sisemi kila sanamu iliyopakwa rangi ni sanaa, kama vile kila kina si ushairi. Mabaya ni mengi, na mengi yake ni nakala za nyuso za waigizaji wa filamu, zisizo na neno la kutuambia. Yahukumiwe hayo kwa ubaya wake. Lakini asihukumiwe mtu kwa sababu ameshika mwanasesere. Neno hilo Kiswahili hakikulikimbia, wala halina aibu. Aibu ni ya aliyekwisha sahau kucheza, naye bado anadai anajua kusoma mashairi.